Kula Yangu ni ya Mama Yako

Magari mawili ya matangazo yalikutana uso kwa uso kwenye njia nyembamba ya soko la Buzuruga, na hakuna lililotaka kurudi nyuma. Moja lilikuwa la chama cha Kasia, limefungwa vitambaa vya kahawia. La pili lilikuwa la Kibuyu, rangi ya chungwa tupu mpaka kwenye vioo. Mbunge wa jimbo alikuwa amefariki, kiti kiko wazi, na uchaguzi mdogo wenye wagombea wawili wa nguvu huwa mkali kuliko ule mkubwa, maana nchi nzima inatazama pale pale. Wauza nyanya walianza kuvuta matenga yao ndani. Walijua siasa zikisukumana sokoni, kinachokanyagwa ni nyanya.

Juu ya gari la Kasia alisimama Selina Maige. Alivaa gauni la kitenge cha kahawia lililombana kiunoni na kuachia chini, na kilemba cha kitambaa hicho hicho kilichosimama kama kimekasirika. Alikuwa binti wa mgombea mwenyewe, Wilhelmina Maige, muuguzi mstaafu. Sauti yake ilikomaa kanisani, ambako tangu shuleni alisoma masomo ya misa, kila herufi mahali pake kama vikombe kabatini.

Juu ya gari la Kibuyu alikuwa kijana mrefu aitwaye Masalu. Fulana ya chama ilikuwa ndogo kwake, hata sura ya mgombea wao, Mashimba mwenye malori, ilivutika kifuani ikawa kama ya mtu aliyeona nyoka. Masalu alikuwa na sauti. Akisema neno moja pale sokoni, mtu wa upande wa pili wa barabara anageuka.

"Wananchi wa Buzuluga," alikuwa akisema, "tunaomba kula zenu. Kula kwa Kibuyu, kula kwa Mashimba."

Alizaliwa Kisesa, Msukuma baba na mama, na herufi ya r haikuwahi kukaa kwenye ulimi wake. Nusu ya soko lile linaongea hivyo hivyo, na hakuna aliyekuwa na habari, mpaka Selina alipoinua kipaza sauti chake.

"Kaka wa Kibuyu, samahani. Unaomba kura, au unaomba kula?"

Soko likacheka. Masalu hakuona haya. Alisubiri kicheko kipungue, kama mtu anayeijua kazi yake.

"Vyote viwili, dada wa Kasia. Asiyekula, nguvu za kupiga kula atazitoa wapi?"

Soko likacheka kuliko mwanzo, na Selina naye akacheka, kipaza sauti kikiwa wazi, kicheko chake kikamwagika kwenye mabanda yote. Masalu alimtazama. Kisha akainama akagonga paa la gari kwa kiganja, akamwambia dereva wake arudi nyuma.

"Mpishe," alisema. "Anayecheka namna hiyo apite."

Hivyo ndivyo Kasia lilivyopita siku ile. Lakini utani ule Selina alikuwa ameuacha sokoni, na soko halitupi kitu.

Walikutana tena kesho yake, na safari hii haikuwa bahati. Spika za vyama vyote viwili zilikodiwa mahali pamoja, kwa Sahil, kule Nyakato kwenye viwanda. Sahil ni wa ukoo wa Kihindi uliokaa Mwanza toka enzi za babu yake, na alikodisha kwa Kasia, kwa Kibuyu, kwa harusi na kwa misiba. Akiulizwa, alisema spika haina chama, ina waya tu. Kila asubuhi watangazaji walifika uani kwake kuchukua betri zilizochajiwa, na hapo kahawia na chungwa vilikaa kwenye benchi moja vikingoja.

Masalu alikuja na michembe iliyopikwa na mama yake, viazi vya kukaushwa vilivyochanganywa na karanga, vimefungwa kwenye kitambaa. Selina alikuja na chupa ya chai. Siku za mwanzo walikula wakitukaniana wagombea. Baadaye waliwasahau wagombea. Masalu alimweleza kwamba kwa Mashimba yuko kazini tu, kama vile jana alivyokuwa akitangaza kwenye msiba wa mtu asiyemjua, na kesho atakuwa kwenye harambee ya kanisa lisilo lake. Selina alimweleza kwamba mama yake alikaa zamu za usiku wodini maisha yake yote, akiona wanawake wakifika wamechelewa kwa sababu ya barabara mbovu na gari lisilo na mafuta. Kiti kile hakukitaka kwa ajili ya gari la heshima. Alikitaka kama mtu anavyotaka maji.

Masalu akawa anamwita Selina "Kasia langu", naye Selina anamwita "Kibuyu changu". Simu ikiita mchana, gari la matangazo likiwa limeegeshwa, Selina aligeukia ukutani ili dereva asione uso wake.

Na alikuwa na mchezo wake, wa kumfundisha herufi.

"Sema, rudi."

"Ludi."

"Si hivyo. Ulimi uutetemeshe. Rudi."

"Ludi."

"Basi mimi sirudi," alisema Selina, akachukua chupa yake, akaelekea getini akitembea kwa madaha, kitenge kikiyumba.

"Ludi, Kasia langu," Masalu aliita kutoka kwenye benchi. "Ludi bwana. Ludi, chai haijaisha." Na aliendelea kuita hivyo, mafundi wa Sahil wakishika mbavu, mpaka Selina akageuka. Hakumsahihisha tena. Alikuwa ameanza kulipenda neno lile lilivyo.

Masalu alitaka uchaguzi ukiisha apeleke wazee nyumbani kwa Maige kuposa. Selina alitaka hivyo hivyo. Tatizo lilikuwa Wilhelmina. Habari zilimfikia, maana Nyakato ina macho, akamwambia binti yake kwa utaratibu, huku akikunja nguo, kwamba mdomo unaomtangaza Mashimba mchana hauwezi kuja kula kwake jioni. Alisema marehemu mumewe, Maige, angekuwa hai angesema hivyo hivyo. Selina alilia, akampigia Masalu, akamweleza yote.

Masalu alikwenda pembeni ya kiwanda, pasipo na kelele, akarekodi ujumbe wa sauti, taratibu, kwa sauti yake ya msibani, akamtumia.

"Selina, mwambie mama asinichukie. Huku kwa Mashimba ni kazi, si moyo. Ila usimwambie mtu mwingine, nitafukuzwa. Kula yangu ni ya mama yako. Mimi na wenzangu wote wa pale kwa Sahil, kula yetu ni kwa mama yako."

Selina aliusikiliza mpaka akaukariri. Kisha akampelekea mama yake jikoni, akaubonyeza. Wilhelmina aliacha kukoroga mboga. Aliomba urudiwe. Akacheka, mara ya kwanza tangu kampeni zianze, akasema kumbe kijana ana akili, kumbe hata ndani ya Kibuyu Kasia linapiga mbizi. Akaomba atumiwe kwenye simu yake asikilize vizuri akitulia, kwa kuwa sauti inamfurahisha. Selina alimtumia. Alilala na furaha. Aliamini posa imeshapokelewa.

Kesho yake asubuhi gari la Kibuyu lilipita barabara ya Nyakato polepole, na spika hazikuwa na muziki. Zilikuwa na sauti ya Masalu, lakini Masalu hakuwemo. Walikuwa wamekata mwanzo wote wa ujumbe, wakabakiza mkia: mimi na wenzangu wote wa pale kwa Sahil, kula yetu ni kwa mama yako. Halafu mtangazaji mwingine akauliza, wananchi, mmesikia wenyewe? Wilhelmina Maige anawalisha vijana ili wampe kura. Leo anawalisha wao, kesho atakula yeye.

Watu wa Mwanza walijua kijana anasema nini. Hata waliokuwa wakipiga ile sauti walijua, maana wengi wao nao husema kula. Lakini sauti ilipanda kwenye simu, ikatoka Mwanza, ikafika kwa watu ambao kwao kura ni kura na kula ni chakula. Kufikia mchana nchi nzima ilikuwa inasikia mama mmoja wa Kasia ananunua watu kwa sahani za wali.

Selina alimkimbilia mama yake, akamuuliza kama ule ujumbe alimpa mtu.

"Mimi?" Wilhelmina alisema. Alikuwa akitafuta miwani yake na hakuinua uso. "Simu hii hata kuifungua huwa nakuita wewe."

Selina alimwamini. Mtu hamuulizi mama yake mara mbili.

Likabaki wazo moja, nalo lilikuwa baya. Kama si yeye na si mama, ni nani aliyekuwa na sauti ile, zaidi ya mwenye sauti? Akapiga simu. Masalu alipokea kabla haijaita vizuri.

"Selina, ulimpa nani?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza. Mbona wanaipiga kwenye gari lako?"

"Gali si langu tena. Wamenifukuza asubuhi. Nilikupa wewe peke yako."

"Wamekupa nini, Masalu?"

Nyuma ya Masalu zikasikika mashine za kiwanda.

"Unaniuliza wamenipa nini," alisema, si kama swali.

Selina alikata simu. Alipolala chali kitandani, mkono ulitaka kuipiga tena, na yeye akaukatalia.

Makao makuu ya Kasia yalikuwa yamemleta mtu wa kusimamia kampeni, Bwana Shomari, mtu wa pwani, mpole, shati limenyooshwa mikono, Kiswahili chake kitamu kama halua. Alimwita Selina kwenye ofisi ya chama. Selina alimweleza ukweli wote: kwamba yule kijana ni wake, kwamba hana r, kwamba alisema kura. Alisema yuko tayari kupanda jukwaani aeleze hivyo.

Bwana Shomari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, mwanangu, nakuamini, lakini hebu sikia itakavyosikika. Binti wa mgombea anatembea na mtangazaji wa Mashimba. Wakimaliza kucheka kula, wataanza kukucheka wewe, na mama yako ataingia kwenye sanduku la kura na aibu mbili. Maelezo marefu hayashindi uchaguzi. Neno fupi linashinda. Akamwandalia neno fupi. Wilhelmina alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba magotini. Hakusema fanya, hakusema usifanye.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa mpira wa Nyakato. Watu walijaa mpaka juu ya mawe makubwa yaliyo nyuma ya goli, wamekaa kama kunguru. Ngoma ya bugobogobo, ile ya wakulima wa Kisukuma, ilipigwa, majembe yakarushwa hewani na kudakwa, vumbi likasimama. Selina alipanda jukwaani na kile kile kilemba cha kahawia.

Akamwona.

Masalu alikuwa upande wa kushoto, karibu na mbele, anasukuma watu taratibu akiomba njia. Fulana ya chungwa alikuwa ameivua. Alivaa shati jeupe la mikono mirefu, la kanisani, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni, jasho linamtiririka. Mtu anayevaa hivyo kwenye mkutano wa siasa amekuja kusema jambo. Alikuwa amekuja kupanda pale juu aseme kwamba mama Maige hakumlisha mtu, kwamba ile ilikuwa kura, na kama ni kuchekwa achekwe yeye.

Macho yao yalikutana. Selina aliliona shati, akaelewa nusu, na ile nusu nyingine ikazibwa na maneno ya Bwana Shomari yaliyokuwa tayari mdomoni.

"Mmesikia sauti inayopita mitaani," alisema. Sauti yake ilitoka safi, kila herufi kabatini. "Huyo mtu simjui. Sijawahi kumwona. Na kama ana njaa, aende kwa Mashimba akale."

Uwanja ulilipuka. Mtu wa kwanza kupaza neno alikuwa mbali huko kwenye mawe, lakini lilishuka haraka: kula, kula, kula. Vijana waliomzunguka Masalu walimtambua. Hawakumpiga. Walimgeuza tu, wakampitisha mkono kwa mkono kuelekea nyuma, wakiimba neno lile, mmoja akambandika ganda la ndizi begani juu ya shati jeupe. Hakupigana. Kichwa chake kirefu kilionekana kikienda, kikienda, mpaka kwenye goli.

Wilhelmina Maige alishinda kwa kura chache. Walimbeba mabegani. Usiku ule nyumba ilijaa watu, na Selina aliwagawia soda akitabasamu, akisikia vinywani mwao wote neno lake likirudiwa kama mzaha mtamu wa mwaka.

Alipompigia Masalu, namba haikupatikana. Aliendelea kupiga. Ilikuwa vile vile.

Masalu alijaribu kurudi kazini. Sahil, ambaye hakuwa na chama, alimpa msiba mmoja wa kutangaza huko Igoma. Alisimama mbele ya jeneza, akaanza kwa sauti yake ile, ndugu na jamaa wa malehemu, na kutoka nyuma ya turubai mtu mmoja akanong'ona, kula. Kicheko kidogo kikapita msibani, kile cha kuzibwa na kiganja. Hata wale ambao ndimi zao hazina r walicheka. Masalu akaweka kipaza sauti juu ya kiti, taratibu, akamwomba mwenye msiba samahani, akaondoka kwa miguu. Baada ya hapo mjini walimwita Kula, jina kamili, kama alibatizwa nalo, na siku moja wakaona hayupo.

Wilhelmina alikwenda Dodoma, bungeni. Alirudi Jumapili ya Matawi, akakaa benchi la mbele kanisani, gauni la kitambaa kizito, watu wakimpa mkono na kumwamkia mheshimiwa shikamoo. Selina alikuwa zamu ya kusoma lile somo refu la mateso, linalosomwa na watu kadhaa kwa kupokezana. Alisoma vizuri. Akafika mahali ambapo mtu mmoja, akiota moto uani, anaulizwa kuhusu rafiki yake, naye anajibu kwamba hamjui.

Hakulisoma jibu. Alisimama akiutazama ukurasa. Kanisa likangoja, majani ya matawi yakisikika mikononi mwa watoto. Msomaji wa pembeni, mama mtu mzima, alisogea akalimalizia.

Walirudi nyumbani. Wilhelmina alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kochi na mkoba wake magotini, kama siku ile ofisini.

"Selina. Ile sauti niliituma mimi."

Selina alikuwa ameshika glasi ya maji.

"Niliituma kwenye kundi la kampeni. Nilitaka wajue tunashinda, kwamba hata watu wa Mashimba ni wetu. Kumbe kundini kulikuwa na mtu wao."

"Nilikuuliza, mama."

"Uliniuliza."

"Ulisema hata kuifungua hujui."

"Nilikitaka kiti, mwanangu. Nikajiambia kijana atapatikana mwingine." Alitazama mikono yake, mikono ya muuguzi, iliyopokea watoto wengi. "Leo nimekuona umesimama pale mbele. Nikajua hatapatikana."

Selina aliweka glasi mezani. Hakupiga kelele. Alimwambia mama yake kwamba chakula kiko kwenye sufuria, akabadilisha nguo, akaenda Nyakato kwa Sahil.

Sahil alisema alimwahidi Masalu kwamba hatasema alipo. Kisha akasema yuko Busisi, kule chini kwenye kivuko cha zamani, anatengeneza redio.

Zamani Busisi ilikuwa mahali pa shughuli. Magari yalipanga foleni kungoja kivuko, na watu waliuza sato wa kukaanga, mahindi, soda, vocha, kila kitu mtu anachoweza kununua akiwa hana pa kwenda. Sasa daraja limepita juu, refu, jeupe, na magari yanakimbia kuelekea Geita bila hata kupunguza mwendo. Mabanda ya chini yamebaki na milango iliyofungwa kwa waya. Mtu asiyetaka kuongea na watu hawezi kupata mahali pazuri zaidi.

Selina alishuka kwenye gari ng'ambo ya daraja, akatembea kuteremka ile barabara ya zamani. Alivaa gauni la kawaida la bluu na kichwa kitupu, nywele amezifunga kwa nyuma. Alimkuta kwenye kibanda kilicho wazi mbele, ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya kikitoa moshi. Amekonda. Amefuga ndevu kidogo.

"Habari yako, Masalu."

Aliinua uso. Aliweka chuma chini kwanza, akakiegesha vizuri.

"Nipo," alisema. "Ingia ndani, kuna jua."

Selina alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akamuuliza anafanya nini huku. Masalu akasema watu wanaleta vifaa vyao, yeye anafungua, anaangalia kilichokufa. Aliongea polepole, akisimama kabla ya maneno, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Ile redio aliita hiki kidude. Barabara aliita njia. Selina alimsikiliza kidogo, kisha akaelewa. Masalu alikuwa anayaruka maneno yote yenye r. Aliyabagua kabla hayajafika mdomoni. Sauti ile iliyokuwa inageuza watu sokoni sasa ilikuwa inachagua pa kukanyaga.

Alimweleza yote. Mama, kundi la kampeni, uongo wake kuhusu simu, maneno ya Shomari. Alimwomba msamaha kwa kujua na kwa kutojua.

"Ule ujumbe haukuniumiza," Masalu alisema. "Siku ile ile nilijua si wewe. Mtu hutuma, mtu hukosea. Yaliisha."

"Basi?"

"Mimi nilikuja uwanjani kusema. Nilivaa shati jeupe." Aliokota skrubu ndogo, akaizungusha vidoleni. "Ulinitazama, Selina."

"Nilikutazama."

"Ukasema hujawahi kuniona."

Chini, ziwa lilikuwa likipiga kwenye zege la gati la zamani, ambalo hakuna chombo kinachofunga tena.

Selina alisema mama yake atafanya mkutano wa kushukuru wapiga kura, uwanja ule ule. Alisema yeye, Selina, atapanda mwenyewe jukwaani, alitaje jina la Masalu, aseme huyu ndiye mtu wangu na kosa lilikuwa letu, mama akiwa amekaa pale pale.

"Watu walishacheka. Kicheko kikitoka hakishikiki."

"Nilikuwa namlinda mama."

"Najua. Na siku nyingine utakuwa na mtoto wa kumlinda, au kazi, au jina. Mimi nitakuwa nimesimama pale na shati langu, nangoja nisikie kama leo unanijua." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Siwezi kuishi nikingoja hivyo."

Mwanamke mmoja alipita na ndoo ya dagaa, akamwamkia Masalu, naye akamjibu kwa kuinua mkono tu. Selina alifuta uso kwa kiganja. Akauliza jambo moja ambalo hakujua litatoka.

"Siku ile ya uchaguzi. Baada ya yote. Ulikwenda?"

Kwa mara ya kwanza Masalu alitabasamu, upande mmoja. Alimtazama machoni moja kwa moja, kama anayemwambia cheka ukitaka.

"Kula yangu nilimpa mama yako," alisema. "Nilishasema."

Alilisema kwa sauti yake yote, ile ya zamani, na kibanda kikajaa. Selina aliinamisha kichwa magotini akalia kama mtoto, na Masalu akamwacha alie, mkono wake ukiwa karibu na bega lake bila kuligusa. Ukakaa hapo kwa muda. Kisha akaurudisha.

"Niambie nifanye nini," Selina alisema. "Chochote. Wewe sema."

"Ludi, Selina."

Neno lile alilijua. Benchi la Nyakato, chupa ya chai, mafundi wakishika mbavu. Neno moja tu, linaweza kumwita mtu na linaweza kumfukuza, na alikuwa amelisikia tena kwa ulimi ule ule.

"Nirudi wapi, Masalu?"

Masalu alinyoosha mdomo, kama watu wanavyoelekeza njia mikono ikiwa na kazi, kule juu, kwenye daraja, upande wa Mwanza.

Selina alisimama. Akajipangusa gauni. Alimwambia abaki salama, naye akasema asante, msalimie mama. Akapanda ile barabara ya zamani polepole, viatu mkononi kwa sababu ya kokoto, na hakugeuka, maana safari hii alijua akigeuka hakuna atakayecheka.

Juu barabarani magari yalipita na upepo wao. Hakuna lililosimama. Akiwa amesimama pale akipunga mkono, alisikia kitu kutoka bondeni kwenye mabanda. Spika ilikoroma, ikakatika, ikakoroma tena, kisha ikafunguka.

"Haloo. Haloo. Moja, mbili." Ikanyamaza. Halafu, taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika: "Habali za jioni. Habali zenu, watu wa Busisi."

Mwanamke wa dagaa, chini kule, alijibu kwamba ni nzuri.

Gari likasimama mbele ya Selina. Dereva akauliza kama anakwenda mjini. Alisema ndiyo, akaingia, na mpaka katikati ya daraja alikuwa bado ameshusha kioo, akisikiliza.